Namna ya kumfundisha nyuki kutofautisha harufu ya chungwa na ya chenza

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa Biolojia na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita walio Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria, na unaeleza jaribio linaloweza kufanyika katika darasa la kawaida lenye dirisha, bila maabara na bila kemikali za kuagiza. Swali lake ni moja: mdudu hujifunzaje kutenganisha harufu mbili ambazo hata mtu aliyefumba macho huzichanganya?

Nyuki amechunguzwa kuhusu jambo hili kwa zaidi ya miaka 100. Karl von Frisch wa Austria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliwafundisha nyuki walio huru kuchagua visanduku vyenye harufu fulani na kuviacha vingine. Njia tutakayoitumia hapa ni nyingine, na ilielezwa na Takeda huko Japani mwaka 1961: nyuki hufungwa ndani ya mrija, kichwa kikiwa nje, na kipapasio chake kikiguswa kwa maji ya sukari hutoa ulimi papo hapo. Harufu ikitangulia kidogo kabla ya sukari mara chache tu, nyuki huanza kutoa ulimi kwa harufu pekee. Ulimi huo unaonekana kwa macho, na mwanafunzi aliyekaa dawati la mbele anaweza kuandika ndiyo au hapana bila kubahatisha.

Jambo ambalo jaribio zima limejengwa juu yake ni hili: nyuki aliyepewa sukari pamoja na chungwa peke yake hajafundishwa tofauti ya chungwa na chenza. Amefundishwa kwamba harufu ya namna hiyo ina chakula, naye ataipanua maana hiyo hadi kwenye chenza bila kusita. Si upungufu wa akili, kwa sababu ua lilelile halinukii asubuhi sawasawa na linavyonukia adhuhuri, na nyuki anayedai harufu iwe ileile kabisa angelala njaa. Tofauti hujifunzwa pale tu harufu ya pili inapoletwa mara kwa mara na isilete kitu. Mama muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, anayejua kwa pua dagaa waliokaushwa vizuri juani na dagaa waliopigwa na mvua, alijua hivyo kwa kupitisha wote wawili mikononi mwake; aliyewahi kununua wazuri tu hana cha kulinganisha.

Uchaguzi wa harufu

Chagua chungwa na chenza, pamoja na karafuu kama harufu ya mbali. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ganda la chungwa ni kemikali moja iitwayo limonini, na mafuta ya ganda la chenza nayo yana limonini kwa wingi, ila yamechanganyika na kemikali nyingine chache zinazoyapa harufu yake. Kwa hiyo nyuki anaombwa ashike kile kidogo kinachotofautiana ndani ya kingi kinachofanana. Karafuu, ambayo harufu yake hutokana hasa na yujinoli, haina uhusiano na matunda hayo, na itatuonyesha kama nyuki anatoa ulimi kwa kila kitu kinachonukia.

Harufu tatu zisitumike kabisa, na mwalimu asiruhusu mjadala juu ya hili. Ya kwanza ni ndizi mbivu. Ndizi mbivu hutoa isoamili asetati, na mwaka 1962 Boch na wenzake walionyesha kwamba kemikali hiyohiyo imo katika harufu ya hatari anayoitoa nyuki kwenye mwiba wake anapouma, ili kuwaita wenzake waje kushambulia. Nyuki wetu wa Afrika Mashariki ni wepesi wa kuchokozeka. Mwanafunzi aliyetoka kula ndizi anawe mikono na asisogelee mzinga. Ya pili ni mchaichai, na ya tatu ni limau, kwa sababu zote mbili zina sitrali, ambayo nyuki huitoa tumboni anapowaelekeza wenzake nyumbani au kwenye chakula. Harufu yenye maana ya kuzaliwa nayo haifai kupimia yale ambayo nyuki amejifunza. Najua limau hupatikana kwa urahisi kuliko chenza, lakini akiba hiyo ndogo itaharibu jaribio lote.

Vifaa

Andaa mirija mipana ya juisi, yenye upana unaomtosha nyuki bila kumbana, iliyokatwa vipande vya sentimeta 3 hadi 4, selotepu, vijiti vya meno, mabomba ya sindano ya mililita 20 yasiyo na sindano, manne, barafu katika bakuli, vikopo vidogo vyenye vifuniko vilivyotobolewa, sukari nyeupe na maji safi kwa uzito ulio sawa, yaani gramu 100 za sukari kwa mililita 100 za maji, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Feni ndogo itafaa sana kama ipo.

Katika bomba la kwanza weka kipande cha ganda la chungwa, na katika la pili cha ganda la chenza, kila kimoja chenye ukubwa wa sentimeta 1 kwa 1, kilichokwaruzwa kidogo kwa kucha ili mafuta yatoke. Katika bomba la tatu weka punje mbili za karafuu zilizopondwa. La nne liwe tupu. Vipande vya chungwa na chenza viwe sawa kwa ukubwa na vikatwe wakati mmoja, kwani ganda la jana hunukia kidogo kuliko la leo, na nyuki anaweza kujifunza ukali wa harufu badala ya aina yake. Andika jina juu ya kila bomba kwa kalamu isiyofutika. Plastiki hunyonya harufu, na hakuna sabuni itakayoitoa yote, kwa hiyo bomba lililowahi kutumika kwa chungwa lisitumike tena kwa chenza.

Hatua ya kwanza: kuwakamata nyuki

Sishauri kuwakamata mlangoni mwa mzinga. Nyuki aliye mlangoni analinda nyumba. Nyuki aliye kwenye chakula hana cha kulinda, na huuma tu anapobanwa. Mahali pepesi mjini ni penye mashine ya kukamua miwa, ambapo nyuki hujazana kwenye makapi kuanzia asubuhi. Omba ruhusa kwa mwenye kibanda, mfunike nyuki mmoja mmoja kwa kikopo anapolamba, kisha telezesha kifuniko chini yake. Nyuki 30 wanatosha kwa darasa moja.

Mwulize mwenye kibanda pia kama anauza machungwa au machenza. Nyuki waliokwisha kula maji ya chungwa kwa wiki nzima wameshafundishwa kabla hujaanza, nao watatoa ulimi kwa chungwa tangu mara ya kwanza. Katika miezi ambayo machungwa ya Ukerewe yamejaa sokoni, tafuta nyuki kwenye maua ya shamba badala ya vibandani. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu maua huwa machache na nyuki hukimbilia sukari. Wakati maua yamefunguka kila mahali, maji yako ya sukari hayatawashangaza.

Mwanafunzi yeyote anayejulikana kuvimba mwili au kubanwa pumzi baada ya kuumwa na nyuki abaki na kazi ya kuandika matokeo katika chumba kingine. Watakaokamata wavae mikono mirefu, viatu vya kufunika na glavu.

Hatua ya pili: kuwafunga

Weka kikopo chenye nyuki juu ya barafu kwa dakika chache mpaka aache kutembea. Mtazame muda wote, na mara tu miguu inapolegea mtoe, kwani anayesahauliwa barafuni hufa. Mwingize katika mrija kinyumenyume, kichwa na vipapasio vibaki nje, kisha pitisha utepe mwembamba wa selotepu nyuma ya shingo yake, kati ya kichwa na mabawa, na uubandike pande mbili za mrija. Utepe usiguse kichwa. Nyuki aliyefungwa vizuri huzinduka baada ya dakika chache na kuanza kupangusa vipapasio kwa miguu ya mbele, ambayo ni bora iwe huru. Aliyebanwa sana huacha ulimi ukining'inia nje bila kuurudisha, naye afunguliwe afungwe upya.

Kila mmoja apewe tone dogo la maji ya sukari kwa kijiti cha meno, kisha wote wasimamishwe kwenye kipande cha sponji au udongo wa mfinyanzi, mahali penye kivuli na unyevunyevu, kwa saa mbili au tatu. Bila njaa hakuna masomo.

Ya kuwaeleza wanafunzi wakati wa kusubiri

Saa hizo zisipotee. Ndio wakati wa kuchora ubaoni ubongo ambao ujazo wake hauzidi ule wa kichwa cha kiberiti, na ambao hata hivyo unafanya kazi hii.

Kila kipapasio kina seli za neva za kunusia zipatazo 60,000, na jeni za vipokezi vya harufu katika nyuki ni 170 hivi. Seli zenye kipokezi cha aina moja hupeleka habari mahali pamoja, kwenye kifundo kidogo katika sehemu ya mbele ya ubongo, na vifundo hivyo ni kama 160 kila upande. Harufu moja huamsha vifundo kadhaa kwa viwango tofauti, na mpangilio wa vilivyoamka na vilivyolala ndio unaoitambulisha. Mwaka 2005 Guerrieri na wenzake walijaribu harufu 16 zenye minyororo ya kaboni ya urefu mbalimbali, wakaona kwamba nyuki aliyefundishwa harufu moja huitikia zaidi zile zenye urefu wa mnyororo unaokaribiana na ile aliyofundishwa.

Je, mipangilio miwili inayokaribiana hutenganishwaje? Sehemu ya jibu ni kwamba seli za jirani huzuiana. Seli zinazounganisha vifundo hunyamazisha baadhi yao na kuwafanya wengine watoe ishara kwa mapigo ya pamoja, hivyo kile kinachofanana hupunguzwa na kile kinachotofautiana hubaki kikisikika. Mark Stopfer, Gilles Laurent na wenzao walilionyesha hili mwaka 1997 kwa kutumia pikrotoksini, dawa inayozuia kuzuiana huko na kuvuruga mapigo ya pamoja: nyuki waliopakwa dawa hiyo ubongoni waliendelea kutofautisha harufu zilizoachana sana, lakini walishindwa kutofautisha zinazokaribiana. Hapa naomba mwalimu asiende haraka, kwa maana ndiyo hoja yenyewe. Kunusa na kutofautisha ni kazi mbili, na ya pili inaweza kuharibika huku ya kwanza ikiwa nzima.

Kutoka kwenye vifundo habari hupanda hadi sehemu mbili za ubongo zenye umbo la uyoga, kila moja ikiwa na seli zipatazo 170,000. Kati ya hizo, harufu moja huamsha chache tu. Uchache huo ndio unaoipa kila harufu nafasi yake, kwa sababu vikundi vidogo ndani ya umati mkubwa ni vigumu kugongana. Katika nzi wa matunda, ambaye ana seli za namna hiyo kama 2,000 kila upande, Andrew Lin na wenzake waligundua mwaka 2014 kwamba seli moja kubwa ndiyo inayozinyamazisha nyingine zote ili zisiamke nyingi kwa pamoja. Walipoizima, nzi walishindwa kutofautisha harufu zinazofanana, huku zile zisizofanana zikiwa hazina taabu. Wadudu wawili walioachana sana kwa ukoo, na njia mbili za utafiti, zimefika karibu na jibu moja.

Na sukari je? Martin Hammer alionyesha mwaka 1993 kwamba kuna seli moja ya neva katika ubongo wa nyuki ambayo huamka anapoonja sukari, na kwamba kuiamsha seli hiyo kwa umeme baada ya harufu kulitosha kumfundisha nyuki, bila tone la sukari. Ishara yake huiambia harufu iliyotangulia kwamba ina thamani. Mwaka 1999 Faber, Joerges na Menzel waliangalia vifundo vyenyewe kabla na baada ya mafunzo, wakaona kwamba mpangilio wa harufu iliyolipwa, yaani iliyofuatwa na sukari, uliongezeka nguvu na kuachana zaidi na ule wa harufu isiyolipwa. Kwa hiyo nyuki hujifunza maana ya harufu, na mafunzo hayohayo huibadilisha harufu yenyewe inavyoonekana ubongoni.

Hatua ya tatu: kuwachuja na kuwagawa

Baada ya njaa, gusa kipapasio cha kila nyuki kwa kijiti chenye maji ya sukari bila kumlisha. Asiyetoa ulimi awekwe kando. Waliobaki wagawanywe katika makundi matatu kwa kura, si kwa kuchagua wachangamfu kwanza.

Kundi la kwanza litapata chungwa pamoja na sukari mara 5, na katikati ya zamu hizo litapulizwa hewa ya bomba tupu mara 5 bila sukari. Kundi la pili litapata chungwa pamoja na sukari mara 5, na chenza bila sukari mara 5. Kundi la tatu ni kinyume cha la pili: chenza hulipwa na chungwa hailipwi. Kundi hili la tatu wengi huliacha ili kuokoa muda, na wakiliacha hawawezi tena kujua kama nyuki walijifunza au kama chungwa linavutia kwa asili yake.

Hatua ya nne: mafunzo

Keti karibu na dirisha, ukimweka nyuki mahali ambapo hewa inatoka kwako kuelekea kwake na kuendelea nje, ili harufu isibaki chumbani. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo katika majengo yanayotazama ziwa dirisha la upande wa pili ndilo linalotoa hewa. Panapokosekana mkondo wa hewa, feni iliyogeuzwa kutazama nje nyuma ya nyuki hufanya kazi hiyo.

Mlete nyuki mahali pake na umwache sekunde 15 azoee. Weka mdomo wa bomba sentimeta 2 mbele ya vipapasio, sukuma polepole kwa sekunde 4. Katika sekunde ya tatu gusa kipapasio kwa maji ya sukari, na ulimi ukitoka mwache alambe kwa sekunde 3. Subiri sekunde nyingine 15 kabla ya kumwondoa. Katika zamu isiyo na sukari fanya yote hayo, isipokuwa usimguse. Mkono wa mwenye kijiti usogee kwa namna ileile katika zamu zote mbili, kwani nyuki huona, na mkono unaoinuka wakati wa sukari tu utakuwa ndio ishara anayoifuata.

Kinachoandikwa ni kama ulimi umetoka wakati wa harufu, kabla ya sukari kugusa. Aliyetoa ulimi katika zamu ya kwanza kabisa ya chungwa au chenza aondolewe kwenye hesabu.

Kila nyuki apumzike dakika 10 kati ya zamu na zamu. Nyuki 10 hupita kwa mzunguko ndani ya muda huo, na mafunzo yote ya kundi moja huchukua saa moja na dakika 40. Zamu zisipishane kwa utaratibu wa moja-moja, maana hilo nalo linaweza kufuatwa. Mfuatano kama chungwa, chenza, chenza, chungwa, chenza, chungwa, chungwa, chenza, chungwa, chenza unafaa.

Hatua ya tano: mtihani

Saa moja baada ya zamu ya mwisho, kila nyuki anusishwe chungwa, chenza, karafuu na hewa tupu, mara moja kila kimoja, bila sukari, mpangilio ukibadilishwa kutoka nyuki mmoja hadi mwingine. Mwishoni gusa kipapasio kwa sukari. Asiyetoa ulimi hapo amechoka au ameshiba, na majibu yake yote ya mtihani yafutwe.

Chora jedwali la makundi matatu kwa harufu nne. Tarajia kundi la kwanza liitikie chenza kwa wingi unaokaribia wa chungwa, na karafuu kwa uchache zaidi. Katika kundi la pili na la tatu tazama pengo kati ya harufu iliyolipwa na isiyolipwa: pengo hilo, likilinganishwa na la kundi la kwanza, ndicho kipimo cha kile ambacho zamu zisizo na sukari ziliongeza. Pengo likitokea kundi la pili na likakosekana la tatu, shuku ukali wa maganda kwanza. Nyuki wengi wakiitikia hewa tupu, tatizo ni bomba lenye harufu au msukumo wa hewa uliozidi.

Iwapo makundi yote mawili yanaendelea kuitikia harufu zote mbili hadi mwisho, ongeza zamu zifike 8 kwa kila harufu kabla ya kufikiria jambo jingine. Watafiti wengine hugusisha maji ya chumvi kali au kwinini baada ya harufu isiyolipwa, na kutofautisha huwa kwepesi zaidi. Lakini kwa darasa naona ni afadhali kuanza na ukosefu wa malipo pekee, kwa sababu chumvi huleta swali la pili, yaani woga, ndani ya swali la kwanza.

Shule isiyotaka kuwafunga nyuki inaweza kutumia sahani mbili nje, mbali na madarasa: maji ya sukari penye ganda la chungwa, maji matupu penye ganda la chenza, sahani zikibadilishana nafasi kila baada ya dakika chache ili nyuki wasijifunze mahali. Wakati wa mtihani ziwekwe sahani mpya zilizo tupu zote mbili, kwani nyuki huacha harufu yao kwenye sahani waliyokula, kisha wahesabiwe wanaotua kwa dakika 5. Ni rahisi, ila hutajua ni nyuki yupi amejifunza na yupi amefuata wenzake.

Hatua ya mwisho

Walishe nyuki wote washibe, kata selotepu kwa mkasi mdogo upande wa mrija na si karibu na shingo, na uwaachie palepale walipokamatwa kabla jua halijashuka, kwa kuwa nyuki hawasafiri gizani. Wanaotaka kuendelea siku nyingine wachukue nyuki wapya na kugeuza malipo katikati ya mafunzo, chungwa lililokuwa na sukari lisiwe nayo tena na chenza ipate, wakihesabu ni zamu ngapi hupita kabla ulimi haujahama.